Sentensi Aliyoitaka Mke Wangu

Barua yangu ya malalamiko kwa kampuni ya kupiga mbizi ilikuwa na kurasa nne na vipengele kumi na vinane, na mke wangu alikataa kuitia sahihi. Aliisoma yote akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, katika chumba chetu cha La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, kisha akaikunja na kunirudishia.

"Imekosa sentensi moja," alisema. "Itie hiyo, na miye nitasaini."

Nilijua ni sentensi gani. Nilijua pia kwamba nikiitia, kampuni haitakuwa na haja ya kujibu vile vipengele kumi na vinane.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Nina meza na rafu nyuma ya duka la vitambaa huko Yeoville, na mafundi wa kushona huniletea mashine zao. Kampuni hiyo, yenye duka na bwawa la mafunzo huko Randburg, ilikuwa na cherehani moja nzito ya kushonea viraka kwenye mavazi ya mpira wanayovaa wapiga mbizi. Ilikuwa inaruka mishono. Niliitengeneza mara tatu katika mwaka mmoja, na kila nilipokuwa nangoja gundi ikauke au mafuta yaingie, nilisoma vitabu vya mafunzo vilivyokuwa kwenye rafu yao. Shule niliiacha mapema. Karibu yote ninayoyajua nimeyapata hivyo, kwa kusoma kilichokuwa karibu. Mwenye kampuni, mtu wa rika langu, alinikuta siku moja nikisoma, akaniuliza kwa utani kwa nini mpiga mbizi hatakiwi kuzuia pumzi anapopanda juu. Nilimweleza jinsi hewa inavyotanuka kadiri maji yanavyopungua uzito juu yako. Akasema nije na mke wangu, watatufundisha, nami niendelee kuitunza ile mashine.

Mke wangu ni msusi. Alikulia kando ya Ziwa Kivu na alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba huko Katanga. Niliingia bwawa la Randburg nikiwa na miaka arobaini na sita, nimeshika ubao wa kuelea pamoja na watoto wa shule, na yeye akanichekea akiwa upande wa pili.

"Mtu wa Katanga," aliniambia. "Shimo la shaba unaingia bila taa, maji ya kiunoni unaita polisi."

Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tuhamie nchi hii. Kwa ajili ya kicheko hicho nilihudhuria kila somo, na tulipofaulu tulikubali kwenda na kundi lao pwani kwa siku nne. Ilikuwa likizo yetu ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

Siku ya pili tulishuka wateja wanane na kiongozi mmoja. Kanuni ni kwamba kila mpiga mbizi ana mwenzake, wanashuka pamoja na kupanda pamoja. Mwenzangu alikuwa mke wangu. Lakini mimi natumia hewa haraka kuliko yeye, na kipimo changu kilipokaribia alama nyekundu, kiongozi alinionyesha kwa kidole nipande na mteja mwingine ambaye hewa yake pia ilikuwa inaisha. Mke wangu akabaki chini na kiongozi. Hilo lilikuwa kosa lao la kwanza, na katika barua yangu ni kipengele cha tatu. Baadaye mkondo ukaongezeka. Wengine walipopanda walitokeza karibu na boti. Mke wangu, aliyekuwa nyuma yao, alitokeza mbali, mahali ambapo mawimbi yalimficha.

Mimi nilikuwa nimeketi mbele, mgongo wangu kwa wenzangu, nikiandika kwenye daftari langu la mbizi: kina tulichofika, dakika, hewa iliyobaki. Siiamini namba niliyoikumbuka saa moja baadaye, kwa hiyo huandika papo hapo. Msaidizi wa nahodha alianza kusoma majina kutoka kwenye ubao. Aliposoma jina langu, kabla hajafika la mke wangu, nilisema, "Wote wawili," bila kuinua kichwa. Akaweka alama mbili.

Ni lazima nieleze mazoea hayo yalikotoka. Kanisani kwetu Yeoville, ibada haianzi mpaka shemasi asome nyumba. Anasoma jina la baba, au la mama kama hakuna baba, na huyo anasimama na kusema, "Tumetimia," au anataja nani hayupo na kwa nini. Desturi hiyo ilianza zamani, wakati watu wetu walipokuwa wakifukuzwa mitaani kwa kuwa ni wageni, na kanisa lilitaka kujua kila Jumapili nani hakufika, ili atafutwe siku hiyohiyo. Hatari ilipopungua, usomaji ulibaki. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimama na kusema tumetimia huku natafuta ukurasa wa wimbo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipogeuka kwanza kutazama benchi.

Boti iliondoka. Tulikuwa tumekwenda kitambo pale mama mmoja mtu mzima, aliyeketi kando yangu, aliponigusa goti.

"Yule bibi anayecheka yuko wapi?" aliuliza.

Ndipo nilipoinua kichwa.

Boti iligeuzwa, tukamkuta akielea wima, koti lake la kuelea limejaa hewa. Kwa saa yangu, tangu boti iondoke mpaka mkono wake ushike kamba ya ubavuni, zilipita dakika kumi na moja. Nilimnyooshea mkono. Aliushika wa baharia aliyekuwa karibu yangu, akapanda, akamwambia aksanti. Hakuniuliza siku ile ilikuwaje, wala mimi sikumwambia.

Tuliporudi Johannesburg niliandika barua ya kwanza, kwa jina langu pekee. Nilitaka kampuni ikiri kwa maandishi kwamba ilimwacha mtu baharini. Nilieleza kuhusu kanuni ya wenzi, mkondo, na wajibu wa nahodha kuhesabu watu kwa macho. Niliitunga kwa uangalifu na sikuandika uongo wowote ndani yake. Jibu lilikuja kwa simu ya binti yetu, kwa kuwa barua pepe za nyumba ni kazi yake. Alizaliwa hapa, anaelewa Kiswahili chetu chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alianza kutusomea mezani, akitafsiri anapoweza. Katikati aliacha kusoma.

"Soma," mke wangu alisema.

"Eish, papa," alisema binti yangu, akanitazama. Kisha akasoma. Mwenye kampuni aliandika kwamba anasikitishwa na usumbufu, lakini mteja mwenyewe alithibitisha kuwapo kwa wote wawili, na aliambatanisha picha ya ubao. Alama mbili zilionekana vizuri, na kando yake maneno ya kalamu: mume amejibu kwa wote.

Mke wangu aliweka kijiko chini. "Ni kweli?"

"Anayesoma majina ana wajibu wa kuhesabu vichwa," nilisema. "Jibu la abiria haliondoi wajibu huo. Nimesoma taratibu zao wenyewe."

"Sikukuuliza wajibu ni wa nani."

"Ni kweli," nilisema.

Binti yetu aliondoka na sahani yake akaenda kula kwa jirani.

Kampuni ilikuwa imeongeza kwamba, ikiwa lalamiko litaendelea, ni lazima aliyepatwa na jambo aandike au asaini pia. Hivyo ndivyo nilivyotunga ile barua ya kurasa nne, na hivyo ndivyo ilivyorudishwa mikononi mwangu. Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba wao ndio wenye boti, ndio waliotutenganisha chini ya maji, ndio waliosafiri bila kugeuza macho. Nikikiri langu, watalishika hilo na kuyaacha yao yote, kisha wiki ijayo watamwacha mwingine.

"Unasema vizuri," alijibu. "Yote ni kweli. Lakini katika hii barua yako miye niliachwa na kampuni tu. Kwenye boti mulikuwa watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na kati yao ni nani alinijua?"

Kwa wiki mbili barua ilikaa kwenye rafu, kati ya sanduku la sindano na redio. Hakunikasirikia waziwazi. Alipika, alienda kazini, aliniuliza habari za wateja wangu. Lakini kila aliposhuka ngazi kwenda dukani aliniambia, "Nimetoka," na aliporudi, "Nimerudi," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwa mlinzi wa getini. Hakuwahi kufanya hivyo kabla.

Jumapili ya pili shemasi alisoma jina langu. Nilikuwa nimeanza kusimama pale mke wangu alipotangulia.

"Miye niko," alisema. "Yeye aseme yake."

Akina mama wa benchi la nyuma walicheka, wakidhani ni mzaha wa nyumbani. Mmoja akasema, "Mama leo amepata uhuru." Shemasi alinitazama, kalamu ikiwa hewani. Nilisimama pale na kugundua kwamba sijui binti yetu yuko wapi. Nilikuwa nimemwona asubuhi, nikadhani amekuja na taxi ya nyuma. Niliposema, "Nipo. Binti simwoni," sauti yangu haikutoka sawasawa. Ilibainika kwamba alikuwa nje ya mlango akizungumza na rafiki zake.

Jioni hiyo niliandika upya ukurasa wa kwanza. Nikaweka sentensi hiyo juu kabisa, kabla ya kipengele chochote: Jina langu liliposomwa, nilijibu kwa niaba ya mke wangu nikiwa ninaandika daftarini, wala sikugeuka kumtazama kama yupo. Alisoma, akaenda kutafuta kalamu, akasaini.

Tulikwenda Randburg pamoja siku ya Jumanne. Mwenye kampuni alitupokea vizuri. Alitukalisha kwenye meza iliyo kando ya bwawa, akaagiza chai, akasoma. Niliona macho yake yalivyosimama kwenye ile sentensi na yasivyoenda mbali zaidi ya hapo.

"Nakushukuru kwa uungwana wako," aliniambia. "Basi tunakubaliana. Ilikuwa bahati mbaya, na chanzo chake kiko wazi."

"Kuna kurasa nne," nilisema.

"Nimeziona."

"Yeye amesema lake," mke wangu alisema kwa Kiingereza chake cha saluni, taratibu. "Sasa sema lako. Uliniacha au hukuniacha?"

Alisugua paji la uso. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alisema watu wa bima wamemkataza kuandika neno kuacha mahali popote. Anaweza kutupa siku nyingine nne pwani, wakati wowote tutakaochagua. Anaweza pia kupokea maelezo ya mke wangu na kuyaweka kwenye faili.

"Nipe karatasi," mke wangu alisema.

Aliandika nusu ukurasa kwa mkono, bila kufuta, kwa Kifaransa cha shuleni kwao. Mwenye kampuni alipopewa aliugeuza ukurasa kana kwamba nyuma kuna tafsiri.

"Mimi sisomi Kifaransa, mama."

"Tafuta anayesoma," alisema. "Na siku zako nne, mpe mtu mwingine. Lakini mhesabu."

Barua yangu iliwekwa kwenye faili pamoja na ile nusu ukurasa, na hatukupata kutoka kwao neno lingine lolote. Mashine yao sijaigusa tena.

Tulipotoka nje, tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha jengo kusubiri robot, yaani taa za barabarani, ituruhusu kuvuka kwenda kituo cha taxi, nilimuuliza ameandika nini. Kifaransa changu ni cha kusoma maelekezo ya mashine tu, na nilikuwa nimekaa upande usiofaa wa meza.

"Nimeandika nilivyoona," alisema. "Niliona boti inageuka. Nikaona mgongo wako. Ule nautambua hata usiku. Halafu boti ikaenda."

"Uliogopa."

"Hapana. Maji ninayajua. Nilijua kwa lile koti kuzama ni kazi kuliko kuelea." Alingoja lori lipite. "Nilikuogopea weye. Nikasema, sasa huyu ameona siko, ataanza kupiga kelele, atataka kuruka, na hajui kuogelea vizuri. Nikawa nanyoosha mkono juu hivi, ili ukigeuka uone niko sawa, utulie. Nimeunyoosha mpaka bega limeuma. Wakati wote ule nilikuwa nakuhurumia."

Taa iliwaka kijani kisha ikarudi nyekundu bila sisi kuvuka. Nilifungua mdomo.

"Usinijibu sasa," alisema. "Ukinijibu sasa utanijibu kwa vipengele."

Ni miezi saba tangu siku ile. Bado sijamjibu.