Chombo ni cha Mke

Mwaka ule serikali mpya ilipowaachisha kazi makarani, niliingia sinema Moroni kutazama filamu ya anga za juu, ya zamani iliyotengenezwa upya. Mume yuko peke yake chomboni, kimya kirefu, mara marehemu mkewe anamtokea.

Mbele yangu karani mmoja aliyeachishwa alimnong'oneza mkewe, "Huyu katokea wapi?"

"Katokea wapi vipi? Chombo si chake? Mume ndiye kahamia."

Kwetu nyumba ni ya mke, hata huko angani.

Karani akainamisha kichwa. "Na mume akikosa kazi?"

Mkewe akamwekea sawa kofia. "Kwani nyumba ilikuuliza kazi ulipoingia?"

Watu walitoka wakilalamika kwamba filamu inajikokota. Mimi naishukuru mpaka leo: ingekuwa ya milio ya bunduki, nisingelisikia jibu lile.