Udongo wa Mahameni

Nusu ya nyumba za kijiji kile kipya, karibu na Tinde, zilikandikwa na Mama Clemens. Jina lake la ubatizo, Salvina, lilitumiwa na padri tu. Mwaka 1974, watu walipohamishwa kutoka kwenye kaya zao za zamani, kila mmoja alitaka ukuta kabla ya mvua, na mikono yake ndiyo iliyowapa.

Akikandika, aliwasikia wakinung'unika: udongo huu haushiki, udongo huu hauna harufu. Akaanza kwenda mahameni kwao, kule walikohama, kuchota udongo kidogo kidogo kwenye makopo ya maziwa. Aliuchanganya na gundi ya mgunga, akaupaka kwa viganja juu ya mbao za masanduku ya chai. Hakuchora mtu wala ng'ombe. Alipaka mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, inavyopasuka Oktoba, maji yanavyolala kwenye majaruba ya mpunga, vumbi linavyopanda nyuma ya mifugo. Kwa miaka minne akapata mbao kumi na tisa.

Mwalimu Theopista wa shule ya kijiji alipoziona, akatoa darasa moja zitundikwe Jumapili baada ya misa.

Tatizo likawa yale makopo. Anayechota udongo wa kaya ya mwenzake anaupeleka wapi, kama si kwenye uchawi? Habari ilishaenea. Jumapili ile watu walijaa uwanjani, darasani hakuingia hata mmoja. Salvina alisimama mlangoni akijua kwamba wakiondoka hivi hivi, hakuna atakayemruhusu tena kugusa ukuta wake.

"Ingia basi, Mama Bhoke!" mwanamke mmoja alichokoza.

"Nina watoto saba, bado nawahitaji. Tangulia wewe, mume wako hata akirogwa hatutaona tofauti!"

Kicheko kilikatika Mzee Mihayo alipopita katikati yao na fimbo yake.

"Shikamoo, baba," Salvina alimwamkia.

Hakuitikia. "Nasikia na wa kwangu umeuchota."

"Nimeuchota, baba. Karibu na ghala lako la mtama. Niliogopa kukuomba."

"Uko wapi?"

Salvina alimwonyesha ubao wa dirishani. Mzee alilowesha kidole gumba kwa mate, akausugua ubao pembeni, akanusa, kisha akaonja, kama wafanyavyo wakulima wa huko wakitaka kuujua udongo. Rangi ilibanduka.

"Ni wenyewe," mzee alisema taratibu. Macho yake yalilowa. Kisha akakunja uso. "Lakini umekosea."

"Wapi, baba?"

"Mbuga nyeusi umeiweka juu! Kwangu juu ni luseni, mchanga ule mweupe. Mbuga iko chini, kwenye mpunga. Umenipindulia shamba!"

Akautungua ubao mwenyewe, akaugeuza, akautundika tena. "Haya. Sasa mvua ikinyesha, maji yatateremka vizuri."

Mlangoni vichwa vilikuwa vimesongamana.

"Wa kwetu je, upo?" Mama Bhoke aliuliza, tayari yumo ndani.

Kufikia saa saba, karibu kila ubao ulikuwa na alama ya kidole pembeni, na watu watatu walikuwa wakigombea mmoja, kila mtu akidai ni kwao.

"Jumanne nitakupeleka mwenyewe," Mzee Mihayo alimwambia Salvina. "Kisimani hukufika. Kule kuna mwekundu hujapata kuuona."

Jumanne wakaenda, mzee mbele. Kila waliyekutana naye njiani, mzee alimsimamisha, akamweleza wanakwenda wapi na kuchota nini.