Siku Yaya Alipovuta Musala wa Mama

Adhuhuri ya siku ya Idi, nyumba imejaa wageni, yaya yangu, kaka aliyenitangulia kuzaliwa, aliinama, akashika pembe ya musala, akauvuta. Mama alikuwa amekaa juu yake, anangoja wanawake wapange mustari wasali. Akaanguka kwa ubavu.

"Mama, unanajisi musala wa watu. Nilishakwambia, wewe hauna salaa tena."

Mama hakulia. Alikusanya kikwembe alichojifunga, kilicholowa, akasema, "Nisamehe, baba." Ndivyo alivyomwita huyo mutoto wake toka utotoni: baba.

Mimi ndiye nilimuleta mama hapa mujini Kasongo. Kule Kabambare mukojo ulikuwa umeanza kumutoka bila yeye kujua, na peke yangu nilishindwa kufua. Nikasema, yaya iko na nyumba ya sementi, iko na butiki, atatusaidia. Njiani tulisimamisha pikipiki mara nyingi mama aingie kichakani, mpaka dereva akamutania: "Mama, unamwagilia mashamba yote ya njia hii?"

"Namwagilia, mwanangu. Mwaka kesho utakula muhogo wangu bila kujua."

Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Na kufua, mama ndiye aliyekujua. Tulipokimbia vita, alibeba mutoto wangu mugongoni porini, wiki na wiki, mutoto anamukojolea shingo mpaka kiuno. Sikumusikia hata siku moja akisema kuna harufu. Mutoto yule hakupona. Mama na mimi tulipona.

Kwa yaya, harufu ilisemwa siku ya pili. Mimi nilisoma primeri miaka mitatu tu. Dini anaijua yeye, ndiye aliyepelekwa kusoma. Akatuambia mutu anayevuja mukojo hana udhu, na asiye na udhu hana salaa. Niliamini. Mama pia aliamini. Akaanza kujikausha ili apate kusali, na mimi nikamusaidia kujikausha. Nilimupunguzia chai. Nilificha kopo la maji. "Kunywa kidogo tu, mama, leo tuna wageni." Mukojo ukawa mweusi kama chai yenyewe, unamuchoma, na kuvuja haukuacha. Nikamukaripia: "Mama, tena?" Neno hilo ni langu, simupi mutu mwingine.

Baada ya ile Idi hakugusa musala. Adhana ikilia aligeukia ukuta, midomo inacheza bila sauti. Alikufa hivyo, kabla ya mvua kurudi.

Kwenye matanga akaja mwalimu muzee kutoka Nyangwe, yule aliyemufundisha yaya. Nilimuuliza kwa haya, kichwa chini, kama Mungu atamukasirikia mama kwa salaa alizoziacha.

Akashangaa. "Nani alimukataza? Wakati wa salaa ukifika munamupeleka choo. Munamusafisha, anafunga kitambaa safi, anatia udhu, anasali. Mukojo ukitoka katikati, umetoka, anaendelea. Mama yangu tulimufanyia hivyo miaka, na maji alikuwa anakunywa kama sisi."

Mara tano kwa siku. Kitambaa na maji. Ningeweza. Vikwembe vyangu vya zamani vilikuwa vinalala tu ndani ya sanduku.

Kisha mwalimu akasema, "Lakini mbona unauliza mimi? Kaka yako anaijua hiyo. Nilimufundisha mwenyewe, alikuwa anakaa mbele."

Nikageuka kumutazama yaya. Alikuwa amesikia. Alisimama, akaenda mulangoni kupokea watu ambao hawakuwa wamefika.

Yaya, nimekuuliza mara tatu, unaniambia mambo ya marehemu yaachwe. Siyaachi. Ya kwangu nimeyajibu hapa: maji nilimunyima, na nilimukaripia. Sasa wewe. Usiniite chumbani, usinitumie kitenge cha kunituliza. Ijumaa, watu wakitoka musikitini, simama mbele ya wale wale waliokuona ukivuta musala, useme: ulijua, ao haukujua?