Salamu za Vyumbani

Miaka ya sabini hoteli yetu pale Mbeya, mali ya shirika la umma, ilikuwa na mazulia ambayo mtu alisita kuyakanyaga, lakini serikali ikaona bado haitoshi. Ikatoa fedha, ikaletwa swichibodi mpya na simu katika kila chumba. Mimi, binti wa Kilolo niliyekuwa nafua mashuka ya hoteli hiyohiyo, nikapelekwa kozi, nikarudi opereta na viatu vya kisigino. Mbele yangu kulikuwa na ubao wa taa ndogo, kila chumba na taa yake. Mgeni akinyanyua simu, taa inawaka.

Hazikuwaka. Wageni waliziacha simu mezani, wakashuka ngazi na kandambili zao kuja mapokezini kuomba chai. Mama mmoja wa Tukuyu aliifunika simu yake kwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Nikawa nashinda pale nimenuna.

Meneja alinuna kuliko mimi. "Ndugu, kuna mkubwa wa wizara anakuja kukagua," aliniambia. "Akikuta mtambo umelala, unahamishiwa hoteli ya Iringa. Na wewe unarudi kufua."

Kurudi kwenye yale maji sikutaka hata kusikia. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba si mchezo.

Sasa, mimi nina hasira za karibu. Asubuhi moja nikasema, wasiponipigia nitawapigia mimi. Nikaanza na mzee mmoja, mwenyekiti wa ushirika wa kahawa, aliyekaa kwetu siku nyingi bila kuigusa simu.

"Shikamoo, mzee. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza. Akaniuliza kwetu ni wapi, wazazi hawajambo, mahindi tumeshavuna, ng'ombe je. Tulipoyamaliza yote akashusha pumzi.

"Basi niletee chai, mwanangu. Juzi nilitaka kuagiza, nikaona nitamtumaje mtu hatujasalimiana?"

Nilicheka mpaka mpishi akachungulia. Kumbe ni hilo tu. Tangu siku ile nikawa nasalimia vyumba vyote kila asubuhi, na taa zikaanza kuwaka: huyu anataka maji ya moto, yule gazeti, yule pasi. Yule mama wa Tukuyu alikunja kitambaa chake akakirudisha sandukuni.

Mkubwa wa wizara akafika jioni moja. Asubuhi nikamsalimia kama wengine.

"Nani kakutuma uniamshe?" akafoka, akakata simu.

Siku nzima alikuwa akipita mapokezini na faili kwapani bila kunitazama, na meneja naye hakunisemesha. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nilishaanza kuviona viatu vyangu vikitafutiwa mnunuzi.

Kesho yake nikasalimia vyumba vyote isipokuwa chake. Nilikuwa bado naongea na mzee wa kahawa pale taa ya mkubwa ilipowaka. Nikamwomba mzee radhi, nikachomeka waya.

"Binti," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenuniwa, "nimekaa hapa nakungoja. Leo mimi hunisalimii?"

Nikajua mashuka nimeyaaga. "Shikamoo, mzee," nikasema, nikamuuliza habari za kwao.