Raundi Moja na Mkwe Wangu

Nilianza kucheza gofu kwa sababu ya presha. Ndivyo nilivyowaambia wanawake wenzangu wa kanisa pale Bungoma, na ndivyo nilivyomwambia daktari wangu, ambaye kusema kweli alikuwa ameniambia nitembee tu. Alimaanisha kutembea kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi. Mimi nikasikia uwanja wa gofu wa Kitale, viatu vyenye meno chini, kofia nyeupe na suruali, vazi ambalo marehemu mume wangu hakuwahi kuniona nalo hata siku moja.

Sina kipaji. Wengine hupiga mpira. Mimi hupiga udongo, na mpira hunihurumia ukasogea. Nilikuwa mwalimu mkuu mpaka nilipostaafu, nimezoea kuamuru na kutiiwa, na nadhani ndiyo maana nilichelewa kuelewa kwamba mpira wa gofu hauogopi mtu. Wabeba mifuko wa uwanja ule wakiniona nikishuka kwenye gari, kila mmoja hukumbuka ana shughuli upande mwingine. Kwa hiyo huvuta kigari changu mwenyewe, nikijiambia kwamba hilo nalo ni dawa ya presha.

Lakini si presha iliyokuwa ikinitoa Bungoma kila Jumamosi alfajiri kupitia Kimilili. Nilikuwa nikifuata shimo la saba. Upande wa kushoto wa shimo hilo kuna vigingi vyeupe vinavyoonyesha mwisho wa uwanja. Nyuma ya vigingi kuna ua wa kayaba wenye miiba, na nyuma ya ua kuna nyumba ya mabati mekundu anamoishi binti yangu wa pekee na mumewe. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mjukuu wangu wa kwanza, na nilikuwa sijamshika bado.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawaangaliani usoni. Na mama haingii nyumbani kwa mkwe mpaka wazee wa pande zote mbili wakae, wakubaliane siku, na kumpeleka kwa heshima zake. Wazee wetu walikuwa wanakaa. Kukaa hawakushindwa. Kukubaliana siku ndiko kulikowashinda: kwanza kulikuwa na matanga, kisha kupanda mahindi, kisha palizi, kisha shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa upande wetu, akaumwa na goti. Mtoto naye alizaliwa kabla ya siku zake, na madaktari walisema asisafirishwe wala asitolewe kwenye baridi mpaka apate nguvu. Basi yeye hakuweza kuja kwangu, mimi sikuweza kwenda kwake, na katikati yetu kulikuwa na simu yenye picha na goti la shemeji.

Mtu atauliza, si ungeingia tu? Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazazi miaka nenda miaka rudi nikiwaambia mila zilizopitwa na wakati tuzizike. Zilipofika mlangoni kwangu, nikakaa kimya kama mtoto wa darasa la kwanza anayengoja ruhusa ya kwenda msalani. Niliogopa. Niliogopa kwamba mtoto akikohoa tu siku mbili baadaye, watu watasema ni bibi yake aliyevunja mwiko. Mbaya zaidi, niliogopa kwamba na mimi nitaamini.

Kwa hiyo nilicheza gofu. Nikifika shimo la saba nilikuwa napenyeza kichwa kwenye kayaba, nikijifanya natafuta mpira, huku mpira wenyewe ukiwa mfukoni. Niliangalia nepi kwenye kamba. Zikiwa nyingi nilishukuru Mungu: mtoto anakula. Kisha nilimaliza raundi yangu vibaya na kurudi Bungoma na miiba kwenye kofia.

Jumamosi ninayoisimulia kulikuwa na mashindano madogo ya wanachama. Mimi nilijiandikisha kwa jina la baba yangu, jina langu la ualimu, na waliopanga makundi hawakuwa na namna ya kujua nani ni nani kwa nani. Nilipofika mahali pa kuanzia nilimkuta kijana ameinama akifunga kamba za kiatu. Akainua kichwa. Alikuwa mkwe wangu.

Ni daktari wa mifugo, kijana mwenye adabu mpaka inachosha. Amelelewa na nyanya yake, na nyanya huyo hakucheza na mila. Mara ya mwisho tulipogongana mjini Kitale, katika duka la dawa za mifugo, alijificha nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe mpaka nikaondoka. Miguu yake niliiona. Kwa heshima nilijifanya nadhani ni ya mwenye duka.

Hapa uwanjani hakukuwa na magunia. Alisimama, akavua kofia, akageukia upande mwingine na kuuambia Mlima Elgon, "Habari ya asubuhi, mama." Nami nikaujibu mlima huo huo kwamba ni nzuri, sijui ya kwake.

Mtu wa tatu katika kundi letu alikuwa mfugaji wa makamo kutoka Endebess, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Alitupa mkono mmoja mmoja, kisha akatutazama.

"Na nyinyi hamsalimiani? Ama mmekosana?"

"Hatujakosana," nikasema.

"Hatujakosana," mkwe akauambia mlima.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaweka mpira wangu juu ya kijiti chake, nikainua fimbo mbele ya mkwe wangu, na katika shimo hilo la kwanza nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilikosa mpira na udongo vyote viwili. Nilipiga hewa ya Kitale peke yake. Fimbo ilizunguka, nami nikazunguka nayo, na niliposimama nilikuwa nimemtazama mkwe usoni kabisa. Tukafumba macho wote wawili.

Tulipofika shimo la tatu tulikuwa tumejipangia utaratibu. Yeye alitembea upande wa kulia, mimi wa kushoto, na mfugaji katikati. Shida ni kwamba katika gofu aliye mbali zaidi na shimo ndiye hupiga kwanza, na aliye mbali zaidi daima nilikuwa mimi, na lazima mtu aniambie.

"Mzee, mwambie mama ni zamu yake."

"Mama, anasema ni zamu yako."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia. Lakini bana, mimi nimekuja kucheza ama nimekuja kutafsiri? Na nyote mnaongea Kiswahili!"

Ikabidi nimweleze. Yule bwana alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. "Hata kwetu mlimani hizo ziko," akasema akipangusa macho. "Lakini sisi hatuzileti gofu."

Shimo la tano lina mchanga mbele yake, na mchanga huo unanijua kwa jina. Niliingia na mpira wangu, nikapiga, mchanga ukaruka, mpira ukabaki. Nikapiga tena. Mkwe hawezi kumcheka mama mkwe, hilo ni katazo juu ya katazo, kwa hiyo akanigeuzia mgongo na kuanza kuchunguza mkaratusi mmoja kwa makini sana. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nilipotoka hatimaye, nimejaa mchanga hadi kwenye nyusi, mpira ukabingirika kuelekea alikosimama yeye. Alipoona ninakuja akaanza kunipisha. Alirudi kinyumenyume, kichwa kimeinama, hatua baada ya hatua, kama alivyofunzwa na nyanya yake, na nyuma yake kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua.

Alitumbukia mzima mzima.

Mtaro ulikuwa na utelezi, na kila alipojaribu kupanda alirudi chini. Mfugaji alikuwa amekwisha tangulia mbele. Nilisimama ukingoni. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyooka nikauvuta nyuma, naye wake vilevile. Tulikuwa watu wazima wawili, tumesoma, mmoja wetu ametiwa tope mpaka kiunoni, na tulikuwa tunafikiria. Mwishowe nikamnyooshea fimbo ya gofu. Akaishika upande wa chini, mimi nikaishika upande wa juu, nikavuta. Presha yangu haikupenda, lakini akatoka.

Mfugaji alirudi na kutukuta bado tumeshikilia fimbo.

"Sasa hiyo ni mkono ama si mkono?" akauliza.

Nilimsikia mkwe akicheka kidogo, na nilicheka pia, kila mmoja upande wake.

Kicheko hicho kilikatika tulipofika shimo la saba. Kamba ilikuwa imejaa nepi. Mkwe alitazama viatu vyake vilivyojaa tope. Mimi niliapa kwamba leo, mbele yake, sitageuza shingo. Hatajua kwamba bibi kizee mzima hutoka Bungoma kuja kuchungulia nguo za mtoto wake. Niliyakaza macho mbele kabisa, kwenye bendera, nikapumua kama nilivyofundishwa, nikapiga.

Nilipiga vizuri. Naomba hilo likumbukwe. Ulikuwa mpigo bora kuliko yote niliyowahi kupiga, mpira uliruka juu kwa sauti tamu, na ukaenda kushoto. Ulivuka vigingi vyeupe, ukavuka kayaba, ukagonga mabati mekundu kwa kishindo. Kisha tukasikia mtoto analia.

Sikumbuki kuitupa fimbo. Nakumbuka mfugaji akisema "Mama, hiyo ni nje, piga ingine," na sauti yake ikibaki nyuma. Nilifika kwenye ua. Kayaba haina mlango, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nililala kifudifudi, mimi mzee wa kanisa, nikapita chini kwa tumbo. Miiba ilichukua kofia na kipande cha mkono wa shati.

Nilisimama uani kwa mkwe wangu. Mpira ulikuwa umetulia ndani ya ndoo ya maji ya kufulia. Binti yangu alikuwa mlangoni na mtoto kifuani, amemfunika blanketi, mtoto akilia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa na kelele. Hakuwa ameguswa na chochote.

"Mama?" binti akasema. "Umetoka wapi?"

"Gofu," nikajibu.

Hapo ndipo nilipojua niliposimama. Nilianza kurudi nyuma kuelekea kayaba, nikiomba msamaha, sijui nikimwomba nani, mikono nimeificha mgongoni jinsi nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wasimame wakiwa na hatia. Binti alishuka ngazi moja akasimama, hakujua aje au asije. Mtoto alikuwa karibu kiasi kwamba niliona ngumi yake ndogo ikitoka kwenye blanketi. Nilitaka kumshika mpaka meno yaliniuma, na nilikuwa narudi nyuma.

Sauti ya mkwe ikaja kutoka upande wa pili wa ua. Hakuchungulia.

"Mzee, mwambie mama kwamba mpira ukivuka vigingi, sheria inasema mwenyewe aufuate ulikoenda. Na asiharakishwe."

"Sheria gani hiyo?" mfugaji akafoka. "Sheria inasema apige ingine hapa hapa!"

"Mwambie tu, mzee. Na umwambie hapo alipo ni kwangu, na ni mimi nimemkaribisha. Wazee nitawapigia simu mwenyewe leo. Mtoto akikohoa, amekohoa."

Kisha ile sauti ya kuitia ng'ombe ikaja juu ya kayaba, safari hii polepole.

"Mama, anasema ufuate mpira. Anasema amekukaribisha."

Nilifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, lakini bado ilikuwa na mchanga, na binti hakujali. Alinipa mtoto. Alikuwa mzito kidogo tu kuliko pakiti mbili za unga, ana joto la mkate, na alininusa shingoni kisha akanyamaza, si kwa sababu ya ufundi wangu. Binti akamwambia, "Huyo ni kukhu wako," na mimi, niliyewahi kuwanyamazisha wanafunzi uwanja mzima kwa kukohoa tu, nikalia kwa sauti mpaka mtoto akafungua jicho moja kuona ni nini tena.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilisikia sauti za watu wengine uwanjani, makundi yaliyokuwa yakitufuata, wakiuliza kuna nini.

"Mama!" mfugaji akaita. "Kuna watu hapa nyuma wanangoja. Unarudi kupiga ama?"

"Mwambie mkwe awapishe," nikasema. "Wote wapite."