Saladi ya Baba Siku ya Posa ya Shangazi Rehema

Enzi zetu, joto la Februari likitukamata pale Mwananyamala, hakuna aliyewasha jiko jioni kwa hiari yake. Mama alichemsha viazi vitamu na kukaanga vibua mapema, jua halijakolea. Jioni tulikaa mkekani uani tukizunguka sinia moja, viazi vimepoa, samaki kakamuliwa ndimu, pembeni kachumbari ya embe bichi inayokufumba jicho moja. Cha kushushia kilikuwa togwa, kinywaji cha kimea cha ulezi cha kwetu Songea, kilichopoa mtungini bila kumbembeleza mtu wa umeme. Mtoto wa leo ukimtajia togwa atakuuliza ameimba nyimbo gani.

Baba alikuwa karani. Maduka yaliposhiba vitu baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, naye akashiba ustaarabu. Siku moja alialikwa kwa bosi wake, akarudi na ugonjwa wa saladi.

"Wenzetu kipindi cha joto wanakula saladi," alitutangazia.

"Na sie tunakula," Mama akamjibu. "Yetu inaitwa kachumbari."

Basi dada yake Baba, Shangazi Rehema, fundi cherehani, alikuwa amevuka miaka thelathini bila mume, na mtaa ulishamfungia hesabu. Mara akajitokeza seremala wa Temeke. Mjomba wake, Mzee Shomari, akatuma salamu kwamba angekuja Jumamosi jioni kuleta posa.

Baba akaamuru mtungi ufichwe nyuma ya banda la kuku, tusionekane washamba. Akatengeneza saladi kwa mikono yake: viazi mviringo, mayai, na mayonesi chupa nzima. Akaipeleka kwenye friji ya jirani yetu Mama Chiku, friji pekee mtaani, iliyovishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mama Chiku akaifunga kwa ufunguo, akaenda zake Buguruni sokoni. Haukupita muda umeme ukakatika. Saladi ikashinda humo kutwa nzima na joto lake.

Jioni wageni walikuja wakivuja jasho, Mzee Shomari na dada zake wawili. Mama Chiku aliporudi, bakuli likaletwa. Kifuniko kilipoondolewa, wale kina mama wakavuta khanga puani.

"Ndiyo harufu yake," Baba alisema, na ili kuthibitisha akajipakulia sahani akala.

Hakuna aliyemfuata. Mzee Shomari akachukua kofia yake akaivaa, nami nikaona posa inaondoka.

Hapo pazia likafunguka. Shangazi, ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kuchungulia, alitoka amebeba mtungi, vumbi la banda la kuku bado liko begani. Mama nyuma yake na sinia la viazi na samaki.

"Shikamoo mzee. Hiki ndicho chakula chetu," alisema. "Kama ni aibu, bora muione leo kuliko baada ya ndoa."

"Marahaba," alisema mzee. Akanywa kikombe cha kwanza, akashusha pumzi, akanyoosha mkono aongezwe. "Nani katengeneza?"

"Mie."

Mzee akavua kofia, akaiweka mkekani. "Basi sie hatuondoki bila jibu."

Jibu walilipata. Baba hakuwasindikiza, alikuwa chooni, akaendelea kuwa huko mpaka Jumatatu. Shangazi ana wajukuu sasa.

Siku hizi mwanangu akisikia joto anawasha kiyoyozi, anaagiza saladi kwa simu, anaipiga picha, na watu wanaisifia kabla yeye hajaionja. Jirani yake ukuta kwa ukuta hamjui jina. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea Mbweni. Tulikula chakula cha jioni, kila mtu na kiboksi chake. Mkono wangu, kwa mazoea yake ya zamani, ukakisogeza changu katikati ya meza.

Akainua macho kutoka kwenye simu. "Vipi Mama, huli tena?"