Hotuba Iliyonitangulia Ukumbini

Nikianza kwa kujitetea mtanicheka, basi naanza kwa kukiri: siku ya kumposesha binti wa marehemu kaka yangu, nusu ya watu ukumbini walijua nitakachosema kabla sijafungua kinywa, na aliyewaambia ni mimi.

Mimi nina blogu. Huandika insha kuhusu maisha ya hapa Gisenyi, mji wetu wa kando ya ziwa, na wasomaji wangu (tusidanganyane) walikuwa wachache kuliko viti vya sebuleni kwangu. Mwaka jana wavuvi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwani, waliniomba niwasaidie kupata habari za upepo wa ziwani bila kufungua tovuti kila saa, nikawawekea kwenye simu programu ya kusomea milisho. Mlisho, niliwaeleza, ni kama jirani mwenye mbio: tovuti ikiandika kitu kipya, yeye anakuletea mpaka nyumbani, wewe huhangaiki kwenda kuchungulia. Tena habari ikishaingia kwenye simu inabaki humo, hata mtandao ukikatika katikati ya ziwa. Wakafurahi. Nami, kwa kuwa simu zao zilikuwa mkononi mwangu, juu ya tovuti ya hali ya hewa nikaongeza na blogu yangu. Sikuombwa. Niliona ni elimu ya bure.

Basi Aline, huyo binti wa kaka, anayefundisha shule ya msingi kule Nyakiriba, akapata mchumba, na mchumba akawa wa ukoo wa wavuvi walewale. Mnajua gusaba yetu, sherehe ya kuposa, ilivyo: upande wa kijana unakuja na msemaji wake kuomba, upande wa binti una msemaji wake wa kukataa, na wanavutana kwa mafumbo na visingizio mpaka watu washibe kucheka ndipo binti atolewe. Binti asiyekataliwa vizuri huonekana kama alikuwa akigawiwa tu. Kaka angekuwepo, yeye ndiye angemchagulia binti yake msemaji hodari. Hayupo, kazi ya kukataa ikaniangukia mimi.

Nikaandika hotuba wiki nzima. Ijumaa mchana nikataka kuiona itakavyokaa kwenye simu, maana ndiyo ningeisomea, na njia ya haraka niliyoijua ilikuwa kuiweka kwenye blogu, niiangalie, kisha niifute. Nikabonyeza Chapisha. Nikaisoma, nikajipongeza, nikafuta. Dakika mbili, labda tatu. (Yule jirani mwenye mbio hata sikumkumbuka.)

Jumamosi tukakaa pande mbili zikitazamana. Tulikubaliana kutumia Kiswahili kwa sababu nusu ya wageni walikuwa wamevuka mpaka kutoka Goma. Msemaji wao akasimama: mzee Bahati, mkuu wa mitumbwi, mwenye Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, ambaye huniita Profesa ingawa nina shahada moja tu. Nikaanza kwa kujifanya sijui wamefuata nini. Nikavuta pumzi niwaulize kama wamekuja kukodi ukumbi, lakini yeye akaniwahi kwa kusema kwamba hapana, ukumbi hawautaki, na binti hajaenda kusoma ng'ambo kama ninavyotaka kudai. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikidhani ni uzoefu wa mzee.

Nikakimbilia silaha yangu kubwa, kisa nilichotunga cha babu yao kuvusha ng'ombe wetu kwa mtumbwi na kumzamisha. Sijafika hata kwenye neno babu, Bahati akainua mkono.

"Mbele ya kuniuliza ile ng'ombe yenu yenye ilizama, Profesa, mi nakuambia haikuzama. Iliogelea, ikafika ng'ambo, ikazala. Bajukuu yake iko pa inje, banakungoja."

Ukumbi ukalipuka, maana wajukuu hao ndio ng'ombe wa mahari, na hapo ndipo nikaona: upande wote wa wavuvi, vichwa vimeinamia simu zilizobaki na hotuba yangu, vidole vinapandisha maneno, mmoja akimwonyesha jirani yake tutakapocheka tena. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi, si kwa sababu ya vichekesho, bali kwa sababu nilikumbuka aya ya mwisho. Nilikuwa nimejiandikia mwenyewe: hapa nikatae mara ya mwisho lakini nisikaze, maana Aline ameniambia akimkosa huyu hataki mwingine, na mama yake ameshashona nguo.

Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele, ameshikilia mkoba kwa mikono miwili.

Kila neno nililokuwa nalo, na wao walikuwa nalo mkononi. Bahati akatazama simu yake, kidole kikashuka mpaka chini, kikasimama. Alisoma. Nilimwona akisoma. Kisha akaitia simu mfukoni mwa koti, akawageukia wenzake akawatazama mpaka na zao zikashuka, akanisogelea kama anayekuja kunisalimu.

"Simu yangu imezimika," akasema polepole, na ilikuwa ikiwaka hata ndani ya mfuko. "Sijui tena kitu. Unikatalie, Profesa. Unikatalie muzuri. Baba yake haiko, ni we uko pa nafasi yake."

Nikakataa. Sikuwa na karatasi wala simu. Nilisema huyu binti alijifunza kusoma kwenye magoti ya kaka yangu na hatuna mwingine wa kutukumbusha sauti yake, na kwamba wanakuja kutuomba kitu ambacho hata kukihesabu hatujamaliza. Bahati akaomba tena, nikakataa tena, na mara ya tatu nilikataa kweli, mpaka shangazi zangu wakaanza kutazamana. Hakuna aliyecheka. Ndipo nikamtoa Aline.

Baadaye Aline alinivuta pembeni. "Baba mdogo, na mimi nafuatilia blogu yako," akasema. "Ile aya ya mwisho ni kweli. Lakini haikuwa yako kuandika."

Nimeapa: sibonyezi Chapisha ili kuangalia tu, na siri ya mtu siiandiki hata kwenye rasimu. Jumatatu nilishuka mwaloni kwa wavuvi, nikapita simu hadi simu nikiiondoa blogu yangu. Nilipofika kwa Bahati akaifunika yake kwa kiganja.

"Hii uiache," akasema. "Mi niko na mabinti babili, siku yabo nitahitaji maneno ya kukataa."